Meza Mbili za Pasaka Ile

Nyumbani, Giakanja
Jumapili jioni

Wanjiru, mama yangu,

Umekwenda kuagana na shangazi yako, na najua hatakuachilia kabla hajakulisha mara mbili, kwa hiyo nimepata nafasi ya meza hii na kalamu nyekundu, maana ile ya buluu umeshaipakia. Usiogope rangi. Sikusahihishi. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, nawe uisome leo kabla hujalala. Habari ya sabuni, ya blanketi la pili, na ya chandarua (Mwea haiko mbali na Kerugoya unakokwenda kufundisha, na mbu halipi nauli) utaipata kwa mama yako, tena kwa kirefu. Mimi nina jambo moja tu.

Juma lile kabla ya Pasaka nilizunguka na kadi za Meza ya Bwana kama ninavyofanya kila mara. Mwenye kadi huketi mezani, aliyesimamishwa hukaa bila, na kazi ya mzee wa kanisa ni kuzipeleka nyumba kwa nyumba katika mtaa wake. Hata kwangu mwenyewe hubisha hodi, na mama yako huninyima chai mpaka nimalize kazi ya Bwana. Nilikupa yako. Uliitazama, ukanirudishia mkononi polepole, ukasema, "Baba, hii mpe mtu anayeihitaji."

Jioni ile ukatueleza kwamba umemwandikia mwalimu mkuu wako mpya. Utafundisha Historia, lakini vipindi vya Dini apewe mtu mwingine. Nikakuuliza sababu, nawe ukajibu mpaka moto ukazimika.

"Baba, hebu angalia," ulisema. "Kaisari wa Roma akiwa mpagani, Wakristo wanaliwa na simba. Kaisari akibatizwa, Wakristo wanashika upanga. Meli zinatoka Ulaya na msalaba kwa tanga, chini kuna watumwa. Misheni inakuja huku, nyuma yake setla wa kuchukua mashamba. Kila mahali dunia imepiga kona, kanisa iko upande ya nani? Upande ya mwenye nguvu."

Mimi nikanyamaza. Nadhani ulilala ukiamini kwamba nimekasirika, na tangu siku ile umekuwa ukinipisha mlangoni kama mgeni. Ukweli ni kwamba kilichonijaa ni fahari. Msichana aliyeitwa kwa jina la mama yangu, ambaye hakujua hata kusoma chapa ya gunia la chumvi, ananipitisha katika karne zote bila kujikwaa! Lakini niliogopa pia. Niliogopa kwamba utakwenda Kerugoya na hilo neno likiwa limekaa katikati yetu, kisha Krismasi uje kututembelea kwa adabu nyingi, tuzungumzie bei ya kahawa, uondoke. Nimeona baba na watoto wakiishi hivyo hadi kaburini. Sitaki yatupate.

Basi nikuambie yangu. Unaukumbuka ule mstari wangu wa historia, uliozunguka ukuta wa darasa la saba? Niliutengeneza kwa karatasi za khaki nilizounganisha kwa gundi ya unga, na panya wakala vita vya msalaba mara mbili. Ulianzia Bethlehemu pembeni mwa mlango. Ukapita kwa kaisari aliyeota msalaba, ukafika kwa yule mtawa wa Ujerumani na mtambo wa kupigia chapa, ukapita Wareno na mabaharia wote, ukaingia wamisionari na vita viwili vya dunia, ukaishia karibu na dirisha. Nilifundisha kwamba kila penye alama Mungu alikuwa amepandisha kanisa lake ngazi moja. Wanafunzi wangu walipasi vizuri sana.

Siku moja mtoto mmoja aliniuliza kama nahodha wa meli ya watumwa alikuwa akisali asubuhi. Nikamwambia hiyo ni sura inayofuata. Haikuwepo sura inayofuata, Wanjiru. Nilikuwa nikiruka. Palipokuwa na aibu nilibandika karatasi juu yake, nikaendelea na safari, na nilifanya hivyo kwa nia njema kabisa, kama mtu anayefagia uchafu chini ya kitanda wageni wakija.

Bendera ilipopandishwa niliongeza alama ya mwisho kwa mkono wangu mwenyewe, pale dirishani: Uhuru. Nilidhani hiyo ndiyo siku yetu ya kaisari kubatizwa. Mateso yamekwisha, sasa ni kujenga. Sikufikiri kabisa juu ya watu waliobaki kwenye mteremko huu wetu, ambao usiku mmoja tu ulikuwa umewageuza kutoka maadui wakawa wananchi wenzangu.

Wewe ulikuwa mdogo, kwa hiyo nikukumbushe walikuwaje. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipopigana na watu wetu wa msituni, nusu ya watu wa hapa walikuwa na mtoto au ndugu msituni au kizuizini. Nusu nyingine walikuwa na mtu kwenye posti ya homgadi, wale askari wenyeji wa serikali, ile iliyokuwa na handaki na miti iliyochongwa ncha. Mjomba wako Kariuki, kaka wa mama yako, alikwenda msituni na hakurudi. Aliyekuwa mkubwa wa posti ni Ndirangu, yule mzee wa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, tuliyemzika mwaka juzi. Nami nilikuwa nusu huku nusu kule, kama walimu wengi. Kiapo cha watu wa msituni nilikula, kisha nikakiri kwa Mchungaji, nikanyang'anywa kadi kwa muda, na wakati huohuo nikifundisha watoto wa homgadi chini ya bunduki zao. Kila upande ulijua kitu juu yangu, na mimi nikijua kwamba wanajua.

Pasaka ya kwanza baada ya Uhuru, wazee wa kanisa tulikaa kupanga Meza. Mzee mmoja aliyetoka kizuizini akasimama akasema, "Mimi na Ndirangu kikombe kimoja, hapana. Heri nife na kiu." Ndirangu naye, aliyekuwa ameitwa kikaoni, akasema kwamba hawezi kuketi karibu na watu waliomchomea nyumba na mama yake akiwa ndani. Mama yake alitoka, lakini hakupona sawasawa.

Unajua desturi yetu. Walio na damu kati yao hawali pamoja mpaka mbuzi achinjwe na maneno yasemwe yote, moja moja, mbele ya wazee. Misheni ilitukataza mbuzi huyo zamani, ikisema ni mambo ya giza. Haya, mbuzi tulikuwa tumemwacha, lakini mwiko wa kula pamoja tulibaki nao mzima tumboni, na hatukuwa na kitu cha kuuondolea. Hapo ndipo mwalimu wa historia, baba yako, akainua mkono.

"Tuwe na meza mbili," nilisema. "Waliokuwa msituni na kizuizini na watu wao, meza ya kwanza. Hawa wengine, ya pili. Bwana ni mmoja. Wakati utatibu."

Nilisifiwa sana. Mchungaji, ambaye alikuwa amechoka kuliko sisi wote, aliniita mtu wa busara. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, wala hakuna zaidi, na nitakuambia kwa nini mimi hasa nililipenda shauri hilo: kwa meza mbili, wale waliojua habari zangu za huku na wale waliojua za kule hawangeketi kwenye benchi moja wakanitazama.

Pasaka ikafika na mvua yake. Mkate niliukata mimi, wa duka, vipande vidogo vya mraba, nikakisia kwamba meza ya kwanza itakuwa na idadi ya kawaida ya watu. Wakaja watu ambao hawakuwa wameketi mezani tangu vita vianze. Walitoka hata mabondeni, wazee wakiwa na makoti ya kizuizini, akina mama na watoto mgongoni, wanaume wanaokohoa. Nikapitisha sahani nikifurahi, hata sikutazama ndani yake. Nyinyi watoto wa Sunday school mlikuwa nyuma, kwenye kibanda cha kuni, mkiimba vibaya.

Meza ya kwanza ilipaswa kutoka ili ya pili iingie. Lakini mvua ilikuwa imezidi, ile ya kwetu inayokuja na mawe, na hakuna aliyetoka. Walisogea tu kando ya kuta wakasimama. Ndirangu na watu wake, labda benchi moja na nusu, wakaingia wakiwa wameloa kwa sababu walikuwa wamesubiri chini ya ukingo wa paa. Wakaketi mbele. Kwa hiyo baada ya mpango wangu wote wa busara, kanisa zima lilikuwa ndani ya nyumba moja, nusu wamesimama wakiwaangalia nusu waliokaa.

Mchungaji akafunua kitambaa. Sahani ilikuwa tupu. Akanitazama. Nikatazama paa.

Mwenye duka alikuwa palepale ukutani, na mtu akamwuliza habari ya mkate. Akajibu kwamba ufunguo uko nyumbani, ng'ambo ya mto, na mto umejaa. Mpaka leo sijui kama ufunguo haukuwa mfukoni mwake. Ndirangu akaanza kuinuka. Alikuwa mtu mrefu, na nilimwona akifunga vifungo vya koti kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba mambo yatakuwa hivi. Nyuma yangu mtu akacheka kidogo, cheko baya. Nilijua kwamba wakitoka mlango ule hawatarudi, wala watoto wao, na kwamba kizazi chako kitaurithi mlango huo.

Mama yako ndiye aliyesogea. Alikuwa amefunga kipande chake katika leso, nami nilidhani ni cha nyanya yako, aliyekuwa mgonjwa nyumbani, maana wengi huwawekea wagonjwa. Akakiweka kwenye sahani kwa kishindo, kama anayelipa deni. "Gaweni hii," alisema. "Wasiseme tuliwanyima." Sauti yake haikuwa na upole hata kidogo. Mchungaji akakivunja mpaka kikawa makombo, akakiombea, na mimi nikanyoosha mkono nichukue sahani. Mama yako hakunipa. Aliipitisha mwenyewe kwa wote waliokaa, kila mtu akapata kama punje ya mtama. Mbele ya Ndirangu alisimama akamwambia jambo, lakini mabati yalikuwa yakipigwa na mvua ya mawe na sikusikia. Ndirangu alikaa. Ile chembe aliitafuna kwa muda mrefu mno.

Hatukuwa na meza mbili tena baada ya hapo. Sitakudanganya kwamba kila kitu kilipona. Mzee wa kizuizini na familia yake walihamia kanisa lingine, na wawili niliowajua walikufa bila kusalimiana. Lakini watoto wa Ndirangu walibatizwa hapa, na mmoja ndiye anayepima maziwa yetu kituoni kila asubuhi na kumwita mama yako mama.

Sasa rudi kwenye maneno yako. Jioni ile ulinitajia jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote: kwamba katika Afrika yetu hii, kule kaskazini, Kartago, mateso ya Roma yalipokwisha Wakristo waligombana juu ya wale waliokabidhi vitabu vitakatifu kwa askari. Ati wengine hawakutaka meza moja nao, na ugomvi ukapita miaka mia. Ulilitaja kama ushahidi dhidi yetu. Mimi nilisikia kingine. Kumbe tulikuwa na ndugu! Jambo pekee katika mstari wote ambalo lingenisaidia Pasaka ile sikuwa nalo, na hata ningelikuwa nalo huenda ningelibandikia karatasi.

Kwa hiyo sina hoja ya kukurudishia. Yote uliyosema ni kweli, na ukitaka nitakuongezea mengine uliyosahau. Ninachojua ni kidogo. Wewe unaziona kona za dunia kutoka juu, kama mtu aliye kilimani, na hivyo ndivyo msomi anavyopaswa kuona. Mimi niliishi ndani ya kona moja. Nikiwa ndani yake sikuona kaisari wala bendera, niliona sahani isiyo na mkate, na aliyefanya jambo siku ile hakuwa upande wa mwenye nguvu. Sisemi kwamba hilo linafuta watumwa chini ya meli. Nasema tu kwamba nililiona kwa macho, na ndilo linalonifanya nizunguke na kadi kila Pasaka, tope likiwa mpaka magotini, nikiwa mtu mwenye furaha.

Vipindi vya Dini, vifundishe au uviache. Sitakuja Kerugoya kuzungumza na mwalimu mkuu wako, ingawa nauli ninayo. Ukivifundisha, usiruke kama nilivyoruka. Mtoto akikuuliza juu ya yule nahodha, keti naye. Na kadi nitakuletea kila mara utakapokuwa nyumbani, nibishe hodi kama kawaida, nawe unaweza kunirudishia kila mara, kisha tunywe chai. Mimi ni mzee wa kuleta, sikutumwa kukulazimisha.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, niweke jina langu. Lakini mama yako ameingia na karai la viazi akaketi, akasema, "Unaandika kama mtu anayelipwa. Hebu nisomee." Nikamsomea. Alicheka kwenye habari ya mwenye duka mpaka kiazi kikamtoka mkononi. Tulipofika kwenye leso akaweka kisu chini. Nilipomaliza akakichukua tena, akamenya kiazi kimoja.

"Iko na makosa," alisema.

"Wapi?"

"Hiyo mkate haikuwa ya mama. Mama alikuwa anakunywa uji tu, hangeweza kumeza mkate. Ilikuwa ya Kariuki. Nilikuwa nataka kuiweka mahali fulani msituni, kwa sababu hakuwa na kaburi."

Nikamwuliza, basi alimwambia nini Ndirangu.

"Nilimwambia, 'Hii ni ya Kariuki. Kula ukijua.'"

Wanjiru, kisa hiki nimekieleza kwenye semina za kanisa miaka yote hii, nikikiita kisa cha msamaha, na mama yako akiwa ameketi safu ya mbele na mkoba wake magotini. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Ati msamaha. Siku hiyo sikusamehe mtu. Nilikuwa na hasira hata miguu haikuwa yangu."

"Na baadaye?"

"Wiki hiyo hiyo alikuja kwa shamba nikipalilia, nikiwa peke yangu. Hakusalimia. Akaniambia, 'Kuja nikuonyeshe.' Nikamfuata. Ni kule chini ya handaki ya zamani, pale penye miti ya miwati. Hiyo miwati alipanda yeye, kila mtu aliyezikwa hapo na mti wake. Wako watano. Akanionyesha ya Kariuki, akaenda."

Nikamwuliza kama hapo ndipo alipomsamehe. "Sijui. Alipokuwa mgonjwa nilimpelekea uji mpaka mwisho. Hiyo iite vile unataka, wewe ndio mwalimu."

Miaka yote nimekuwa nikimsumbua kwa nini anapita kuni za karibu kwenda kuokota bondeni, nikasema ni ukaidi wa watu wa kwao. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akanitazama bila ubaya wowote. "Hukuuliza. Ulikuwa unaongea."

Nimecheka, mama yangu, kisha nimelia, na nakuandikia nikiwa katikati ya hayo mawili. Nilitaka kukupa kisa ukasafiri nacho, kumbe nilichokuwa nacho ni ganda. Usinihurumie. Mtu kuishi na mwanamke miaka thelathini na bado akawa na jambo la kumshangaza hivi, hiyo ni baraka, na nimeshiba nayo.

Mama yako ameinuka na viazi vyake sasa hivi. Amesimama mlangoni akasema basi lako ni la saa sita, kwa hiyo asubuhi kuna nafasi, na kwamba anataka kwenda nawe mahali. Anasema hutalazimika kuomba wala kuamini chochote, ni kusimama tu. Nimemwuliza kama nije. Amesema nibaki na ng'ombe.

Kwa hiyo kesho nitakuwa hapa nikikusubiri. Kule bondeni kuna tope jingi wakati huu. Vaa gambuti, zile buti za mpira, vile viatu vya kazini viache hapa.

Baba yako